Mimba ya mapacha na hatari ya prieklampsia: NLR, CRP, kipimo cha kondo, au presha na mkojo?

Mama mmoja alisimama kwenye dirisha letu la maabara. Mimba ya wiki 22, mapacha, uzazi wa kwanza. Mkono mmoja ulishika karatasi ya picha kamili ya damu, wa pili simu. Mashine za siku hizi huchapisha chini ya karatasi uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe za damu, uitwao NLR, na wake ulisomeka 5.0. Alikuwa ameshasoma mahali kwamba namba hiyo ikipanda, kifafa cha mimba kinakuja. "Dokta, niambie ukweli. Nimeshaupata?"

Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, na swali lake lilistahili jibu refu kuliko linaloweza kupita kwenye dirisha lile huku foleni ikisubiri. Nilimsindikiza kwa mkunga. Presha ilikuwa 112/70, mkojo safi. Akaenda zake ametulia. Lakini wanaokuja na swali hilohilo ni wengi, na linaloniuma ni kwamba baadhi yao wameshalipia vipimo viwili vitatu vya damu ilhali hawajawekewa mkanda wa presha kwa wiki tano.

Kwa hiyo nimeviweka hapa pamoja vipimo vinne wanavyoviulizia wenye mimba ya mapacha: uwiano wa chembe nyeupe, CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na adui), kipimo cha protini za kondo, na presha pamoja na mkojo. Kila kimoja kina mahali pake. Kipi kikufae wewe inategemea uko wiki ya ngapi, unaishi umbali gani na hospitali, na mwili wako unasema nini leo.

Tunatafuta nini hasa

Mitaani tunasema "kifafa cha mimba" kwa maana zote mbili: presha iliyopanda na degedege lenyewe. Hospitali huvitenganisha. Prieklampsia ni presha ya 140/90 au zaidi inayoanza baada ya wiki ya 20, ikiambatana na protini kwenye mkojo, au na dalili kwamba kiungo fulani kimeguswa: figo, ini, ubongo, chembe za damu, au kondo lenyewe na watoto wakaacha kukua inavyotakiwa. Degedege likizuka juu ya hayo, hiyo ndiyo eklampsia.

Mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma. Katika miezi ya mwanzo kondo hutakiwa kujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa ya mama ili damu ipite kwa wingi na kwa utulivu. Mishipa isipopanuka vya kutosha, kondo hukosa hewa ya kutosha, nalo humwaga kwenye damu ya mama protini na vipandevipande vinavyokera kuta za mishipa yake. Mwaka 1999 Christopher Redman na wenzake wa Oxford walitoa wazo lililobadilisha mazungumzo: mimba yoyote ile, hata iliyo salama, huuweka mwili wa mama katika mchochota mdogo, yaani walinzi wa mwili huwa macho muda wote, na prieklampsia ni pale mchochota huo unapovuka mpaka. Mwaka 2003 Ananth Karumanchi na wenzake, Boston, wakaonyesha kwamba protini moja ya kondo, sFlt-1, ikiingizwa kwenye panya huwaletea presha na protini kwenye mkojo. Vipimo vya damu nitakavyovieleza vyote vimetoka kwenye matawi hayo mawili, mchochota na protini za kondo.

Mapacha wanaingiaje? Kondo ni kubwa zaidi, au yako mawili, na mzigo kwa mama ni mkubwa zaidi. Kundi la Kypros Nicolaides la London lilichapisha mwaka 2017 hesabu hizi: prieklampsia iliwapata 2.3% ya wenye mimba ya mtoto mmoja, 8.1% ya wenye mapacha ambao kila mmoja ana kondo lake, na 6.0% ya wenye mapacha wanaotumia kondo moja. Ile inayolazimisha kujifungua kabla ya wiki ya 37, ambayo ndiyo mbaya zaidi, ilikuwa karibu mara 9 kwa mapacha.

Soma namba hizo pande zote mbili. Hatari imepanda sana, na bado zaidi ya mama 9 katika kila 10 wenye mapacha hawakuipata. Na kitu kimoja umeshakijua bila kutoa hata senti: utrasaundi iliyokuonyesha mioyo miwili imeshakuweka kwenye kundi la kuangaliwa kwa karibu.

Maswali niliyotumia kuvipima vipimo

Kila kipimo nimekiuliza maswali yaleyale. Kinasoma nini mwilini? Mapacha wenyewe wanakivuruga vipi, maana mipaka mingi imewekwa kwa mimba ya mtoto mmoja? Ni nini kingine kinaweza kukipotosha, hasa katika mazingira yetu ya malaria na maambukizi ya mkojo? Kinapatikana? Jibu likitoka, kuna uamuzi wowote utakaobadilika? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Kipimo ambacho jibu lake, liwe la juu au la chini, litakuacha unafanya yaleyale, kinaweza kusubiri.

1. Uwiano wa chembe nyeupe: NLR, PLR na SII

*Kinasoma nini.* Damu ile ile ya picha kamili, kichupa chenye kifuniko cha zambarau. NLR ni hesabu ya neutrofili kugawanya kwa limfosaiti, zote mbili zikiwa aina za chembe nyeupe. Ukiwa na neutrofili 7.5 na limfosaiti 1.5, NLR ni 5.0, kama ya yule mama. PLR ni chembe sahani (zile zinazogandisha damu) kugawanya kwa limfosaiti. SII huchanganya zote tatu: chembe sahani mara neutrofili, kisha gawanya kwa limfosaiti. Mantiki ni kwamba mchochota ukizidi, neutrofili hupanda na limfosaiti hushuka.

*Kwa mapacha na kwa ujauzito wenyewe.* Hapa ndipo watu wengi hutishika bure. Mtu asiye mjamzito huwa na NLR kati ya 1 na 3 hivi. Mjamzito hupandisha neutrofili kwa sababu ya ujauzito tu, na kufika 4 au 5 katika miezi ya katikati na ya mwisho si ajabu hata kidogo. Karatasi ya maabara kwa kawaida huweka mipaka ya watu wasio na mimba pembeni, kwa hiyo ile alama ya "juu" ikitokea usiitafsiri peke yako. Ukikuta utafiti unaosema waliopata prieklampsia walikuwa na NLR kubwa zaidi kwa wastani, huenda ni kweli kabisa, lakini makundi mawili yanaweza kutofautiana kwa wastani huku namba za mtu mmoja mmoja zikiingiliana sana. Wastani wa kundi haukuambii wewe uko upande gani.

*Kinachokipotosha.* Ni mengi, na nitayasema kwa kirefu kwa sababu huku ndiko ninakoshinda kila siku. Malaria hushusha limfosaiti na chembe sahani, kwa hiyo huchezea tarakimu zote tatu. Maambukizi ya mkojo, ambayo wajawazito huyapata sana na wakati mwingine bila maumivu, hupandisha neutrofili. Uchungu wa kujifungua pia, hata kukimbia kuwahi daladala. Kisha kuna deksamethasoni, sindano anazochomwa mama ili mapafu ya watoto yakomae pale inapohofiwa watazaliwa kabla ya wakati. Wenye mapacha huchomwa sana sindano hizi, nazo hurusha neutrofili juu na kushusha limfosaiti kwa siku kadhaa. NLR iliyochukuliwa baada ya sindano hizo haisemi lolote kuhusu kondo.

Jambo jingine halitajwi vya kutosha. Tafiti nyingi za NLR na prieklampsia zimefanyika Uturuki na China. Waafrika wengi, wakiwa wazima wa afya, huwa na neutrofili chache kuliko watu wa huko, kwa sababu ya urithi wa damu uitwao Duffy hasi, uleule unaotukinga na malaria ya aina ya vivaksi. Mpaka uliowekwa kwa damu ya Ankara au Shanghai ukiuhamishia Morogoro au Kisumu, unaweza kumwambia mama "uko salama" wakati kwake yeye namba imepanda.

Na PLR ina tatizo lake la ndani. Prieklampsia ikikomaa hula chembe sahani, kwa hiyo juu ya mstari wa mgawanyo namba inashuka wakati mchochota unataka kuipandisha. Ndiyo maana tafiti zake hupishana.

*Kupatikana kwake.* Hiki ndicho chepesi kuliko vipimo vyote vya damu. Kila hospitali na vituo vya afya vingi vina mashine, na majibu hutoka siku hiyohiyo. Huhitaji kulipia NLR peke yake, mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuipata kutoka kwenye karatasi uliyo nayo.

*Jibu linabadili nini.* NLR, kwa sasa, haibadilishi kitu. Hakuna mwongozo mkubwa wa ujauzito unaosema anza dawa au zalisha kwa sababu ya NLR. Lakini usiitupe karatasi. Chembe sahani zilizo juu yake zina uzito wa kweli: zikiwa chini ya 150,000 daktari hutaka kujua kwa nini, na zikiwa chini ya 100,000 kwa mama mwenye presha, hiyo ni prieklampsia kali hadi ithibitishwe vinginevyo. Zikishuka ghafla na mama hana dalili, omba maabara iangalie damu kwenye darubini, maana mara nyingine chembe hugandamana ndani ya kichupa cha zambarau na mashine ikazihesabu kuwa chache. Himoglobini nayo imo humo, na mapacha hula damu ya mama kwelikweli.

*Kinamfaa nani.* Mama ambaye anapimwa picha kamili ya damu kwa sababu nyingine tayari, yaani kila mwenye mapacha. Angalia chembe sahani na himoglobini kwanza. NLR iache iwe taarifa ya ziada kwa daktari, hasa kama unazo karatasi za awali zilizochukuliwa ukiwa mzima, kwa kuwa mwenendo wako mwenyewe una maana kuliko mpaka wa watu wengine.

2. CRP

*Kinasoma nini.* Protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapohisi adui. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis huko New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Hupanda ndani ya saa chache na hushuka upesi chanzo kikiondoka, kwani nusu yake huisha kwenye damu ndani ya saa 19 hivi. Kwa kufuatilia maambukizi ni chombo kizuri sana.

*Kwa mapacha.* Ujauzito hupandisha CRP kidogo. Tatizo kubwa zaidi ni uzito wa mwili. Mafuta ya mwilini hutoa viamshi vinavyolisukuma ini litengeneze CRP, na uzito mkubwa wenyewe ni hatari ya prieklampsia. Wachunguzi walipoweka uzito kwenye hesabu, uhusiano wa CRP na prieklampsia ulififia. Kwa maneno mengine, sehemu ya kile CRP inachokuambia, mizani ya kliniki ilishakiambia.

*Kinachokipotosha.* Malaria huirusha juu sana. Fizi zinazovuja damu, jipu, mkojo mchafu, hata mafua makali. CRP haijui adui yuko wapi.

*Kupatikana kwake.* Hospitali za wilaya na maabara binafsi nyingi wanayo. Uliza kama ni ya kawaida au ile nyeti, kwa kuwa tafiti za ujauzito hutumia zaidi ile nyeti inayosoma viwango vidogo.

*Jibu linabadili nini.* Kwa prieklampsia, kidogo mno. Kwa mambo mengine, mengi: mama wa mapacha mwenye homa, maji yaliyopasuka mapema au maumivu ya kiuno, CRP inaweza kumsaidia daktari kukamata maambukizi. Tukumbuke kwamba hata maambukizi hayo ni hatari kwa mimba, kwa hiyo CRP ya juu haipaswi kupuuzwa kwa kuwa tu "si ya presha". Itafutiwe chanzo chake.

*Kinamfaa nani.* Mwenye dalili za maambukizi. Mama asiye na homa wala maumivu, anayetaka tu kujua bahati yake na prieklampsia, fedha hiyo aitunze.

3. Protini za kondo: sFlt-1 na PlGF

*Kinasoma nini.* Hiki hakisomi mchochota moja kwa moja, kinasikiliza kondo. PlGF ni protini inayokuza na kutunza mishipa. sFlt-1 huikamata isifanye kazi. Kondo lenye shida hutoa sFlt-1 nyingi na PlGF kidogo, kwa hiyo uwiano wa mbili hizi hupanda.

Kwa mimba ya mtoto mmoja, ushahidi wake ni imara. Utafiti wa PROGNOSIS wa mwaka 2016 uliwachukua wanawake walioshukiwa kuwa na prieklampsia, wiki ya 24 hadi karibu ya 37. Uwiano ukiwa 38 au chini, uwezekano kwamba prieklampsia haitatokea ndani ya wiki moja ulikuwa 99.3%. Ukizidi 38, waliokuja kuipata ndani ya wiki nne walikuwa 36.7%. Angalia tofauti hiyo: ni kipimo kizuri sana cha kukutuliza kwa wiki moja, na si kizuri hivyo cha kukutabiria mabaya.

*Kwa mapacha.* Utafiti ule haukuwahusisha wenye mapacha. Kondo kubwa humwaga sFlt-1 nyingi hata likiwa zima. Mwaka 2008 wachunguzi waliikuta ikiwa takriban mara mbili kwa wenye mapacha, na uwiano huanza kuachana na ule wa mtoto mmoja hasa kuelekea miezi ya mwisho. Kwa hiyo namba ya 38 ikivukwa wiki ya 33 kwa mapacha, inaweza kuwa kondo mbili nzima zikifanya kazi yake. Ikiwa chini ya 38, inatuliza, na wapo wachunguzi wanaoona inaweza kutumika hivyo kwa mapacha pia. Kibali ambacho Marekani ilikipa kipimo hiki mwaka 2023 kiliwekwa kwa ajili ya mimba ya mtoto mmoja.

*Kinachokipotosha.* Malaria, figo mbovu na umri wa mimba uliokosewa. La mwisho hili ni la kila siku: kama tarehe zako zilihesabiwa kwa kukisia na hukufanya utrasaundi ya mapema, jibu linalosomwa kwa wiki linaweza kusomwa kwenye wiki isiyo yako.

*Kupatikana kwake.* Hapa ndipo pagumu. Kwetu hakipo kwenye maabara za kawaida, na bei yake si ya kipimo cha kila mwezi. Kabla ya kulipa uliza jambo moja: majibu yatatoka baada ya siku ngapi? Utulivu kinaokupa ni wa wiki moja. Jibu likikufikia siku ya kumi, linazungumzia muda ambao umeshapita.

*Jibu linabadili nini.* Mahali penye bingwa anayekitumia mara kwa mara, linaweza kuamua ulazwe au urudi nyumbani na kuonwa baada ya siku chache. Mahali pasipo na bingwa huyo, karatasi itakaa kwenye faili.

*Kinamfaa nani.* Mwenye mapacha aliye katikati ya wiki ya 24 na 34, mwenye dalili zisizoeleweka (presha inayoyumba 135/88, kichwa, uvimbe), aliye kwenye hospitali yenye majibu ya siku hiyo au kesho yake. Pia mwenye figo au presha ya muda mrefu, ambaye presha na mkojo wake tayari vimechafuka na daktari anashindwa kujua ni ugonjwa wa zamani au mpya.

4. Presha na mkojo, pamoja na historia yako

*Kinasoma nini.* Kinasoma ugonjwa wenyewe. Vile vitatu vinasoma kivuli chake. Historia huongezwa kwa sababu hatari hujumlishana. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, huuhesabu ujauzito wa mapacha kuwa hatari ya kati, na hutaka aspirini mtu akiwa na mbili za kati, kwa mfano mapacha pamoja na uzazi wa kwanza, umri wa miaka 40 au zaidi, uzito mkubwa, mama au dada aliyewahi kupata prieklampsia, au zaidi ya miaka 10 tangu mimba iliyopita. Marekani wao huwahesabu mapacha peke yao kuwa hatari kubwa.

*Kwa mapacha.* Mpaka wa 140/90 ni uleule. Mkojo ndio unaohitaji busara, kwani wenye mapacha humwaga protini kiasi zaidi hata wakiwa wazima, na ute wa ukeni ukiingia kwenye kikombe unaweza kukipa rangi kijiti cha kupimia mkojo. Upande wa pili, prieklampsia inaweza kuja bila protini yoyote. Mkojo safi na presha 150/100 bado ni hospitali.

*Kinachokipotosha.* Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha ya juu isiyokuwepo. Kupimwa umesimama, unaongea, au dakika moja baada ya kushuka bodaboda, vivyo hivyo. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono kwenye usawa wa moyo, na usiseme neno mpaka umalize.

*Kupatikana kwake.* Zahanati, kliniki ya wajawazito, hata nyumbani. Mashine ya nyumbani inunuliwe ile ya mkono wa juu, tena iliyothibitishwa kwa wajawazito, na mara ya kwanza uende nayo kliniki ilinganishwe na yao. Zipo mashine zenye taa za kijani, njano na nyekundu zilizotengenezwa kwa vituo visivyo na daktari. Jaribio la CRADLE-3 liliifanyia kazi mashine ya aina hiyo katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo.

*Jibu linabadili nini.* Kila kitu. Presha ya 160/110 huanzisha dawa siku hiyohiyo na magnesia salfeti, ambayo jaribio la Magpie la mwaka 2002, lenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Historia peke yake, wiki ya 12, inaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo. Jaribio la ASPRE la mwaka 2017 lilitumia 150 mg kila usiku kwa wanawake 1,776 wa hatari kubwa wenye mimba ya mtoto mmoja, na prieklampsia ya kabla ya wiki 37 ikashuka kutoka 4.3% hadi 1.6%. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 75 mg kwa walio katika hatari ya kati au kubwa, ianzwe kabla ya wiki ya 20, na kalsiamu gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa watu ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo. Usijianzishie aspirini. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayoamshwa na aspirini au tatizo la kutokwa damu huenda isimfae.

*Kinamfaa nani.* Kila mwenye mapacha. Udhaifu wake ni kwamba hakioni mbali: presha inaweza kuwa nzuri Jumatatu na mbaya Ijumaa. Mtu wa mashambani anayefika kliniki mara moja kwa mwezi hakimlindi vya kutosha asipopata namna ya kupimwa katikati.

Kuchagua kwa hali uliyo nayo

*Uko chini ya wiki 16.* Hiki ndicho kipindi chenye thamani kubwa na kinachopotea zaidi. Peleka historia yako yote kliniki na uulize kwa jina: "Je, nastahili aspirini?" Hakikisha utrasaundi imesema kama watoto wana kondo moja au mawili, kwa kuwa hilo halionekani vizuri baadaye. Picha kamili ya damu ya sasa iweke kwenye kadi, ndiyo itakayolinganishwa na zijazo. CRP na kipimo cha kondo subiri.

*Wiki 20 hadi 34, huna dalili, uko karibu na hospitali.* Presha kila wiki, au mara mbili tatu kwa wiki nyumbani, uiandike kwenye daftari pamoja na saa. NLR ikitoka imepanda na una homa, pima malaria na mkojo. Huna homa, endelea na daftari lako na umwonyeshe daktari siku ya kliniki.

*Wiki hizohizo, uko mbali.* Fedha ambayo ungelipia CRP au NLR ya maabara binafsi, changia mashine ya presha, hata mkiinunua akina mama watatu wa mtaa mmoja. Panga mapema usafiri wa usiku. Kuanzia wiki ya 32 fikiria kukaa kwa ndugu aliye karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na huduma ya njiti.

*Una dalili na presha inayumba, upo hospitali kubwa.* Hapa picha kamili ya damu kwa ajili ya chembe sahani, vipimo vya ini na figo, na kama wanacho na majibu ni ya haraka, kipimo cha kondo. Muulize daktari anakisomaje kwa mapacha. Kama umechomwa deksamethasoni, mkumbushe mtu wa maabara aandike kwenye fomu.

*Kichwa kisichopoa kwa dawa, macho kuona nyota au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla, pumzi kuwa fupi.* Usije maabara. Nenda moja kwa moja wodi ya wazazi, mchana au usiku, hata kama karatasi ya jana ilikuwa nzuri.

*Umeshajifungua.* Chembe nyeupe na CRP zitakuwa juu kwa siku kadhaa kwa sababu ya uchungu au upasuaji, kwa hiyo NLR ya siku hizo haikusaidii kwa hili. Presha nayo mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mama ameshapewa ruhusa na yuko nyumbani ananyonyesha watoto wawili kwa zamu, na kifafa kinaweza kutokea hata baada ya hapo, ndani ya wiki sita. Mwambie shemeji, mama mkwe au yeyote anayekukandia maji akupeleke kupimwa presha ndani ya siku hizo, ya tatu hadi ya sita, na asikubali ukimwambia umechoka tu.